Peugeot 504 ya mzee na Mark II GX100 yangu: nimekaa nazo zote mbili, haya ndiyo niliyoyaona

Wakuu, salaam.

Kila baada ya miezi michache ubishi wa gari za zamani na za sasa unaibuka humu, halafu unaishia palepale: mmoja anasema Mjapani ni plastiki, mwingine anasema Mfaransa ni pasua kichwa. Wengi wanaobishana wameishi na upande mmoja tu. Mimi nimebahatika kukaa na zote mbili uani kwangu hapa Morogoro. Peugeot 504 GL ya 1979, kabureta, gia nne, ilikuwa ya marehemu mzee na tangu 2009 ninaitunza mimi. Toyota Mark II GX100 ya 1997, silinda sita, otomatiki, niliinunua 2012 kwa jamaa aliyekuwa anahamia Mwanza. Zinalala chini ya mwembe mmoja. Zote nimezifungua kwa mikono yangu, nikakosea, nikarudia.

Nianze na jambo lililonishangaza siku niliyolala chini ya zote mbili kwa mpigo. Hizi gari kimuundo ni ndugu. Kutoka katikati ya tairi la mbele hadi katikati ya tairi la nyuma, 504 ina milimita 2,740. GX100 ina 2,730. Sentimita moja! Na 504 ilizinduliwa 1968, GX100 ikatoka 1996, yaani kuna miaka 28 kati yao. Zote injini imekaa kwa urefu na zinasukuma kwa nyuma, zote zina springi za koili kwenye kila tairi, na nyuma kila tairi linapanda na kushuka kivyake. Injini ya mzee ni cc 1,971, yangu ni cc 1,988. (Kama 504 unayoijua ina eksi ngumu nyuma, tairi zote mbili zimeungwa pamoja, hiyo ni ile ya L au ni stesheni wagoni. Naongelea GL.)

Sasa tofauti.

Nguvu kwanza, maana ndiyo swali la vijana. 504 inatoa farasi 90 na ushee, na ina uzito wa karibu kilo 1,200. GX100 yenye injini ya 1G-FE ya mwanzo inatoa 140, na zile za kuanzia 1998 zenye VVT-i (mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka) zinafika 160, ila bodi nayo ni nzito, inakaribia kilo 1,400. Ukitoka Morogoro kwenda Iringa, ukapita hifadhi ya Mikumi, ukashuka Ruaha Mbuyuni kwenye mibuyu, unakutana na mlima Kitonga. Pale ndipo unapozijua. GX100 inapanda Kitonga kama haijui kama kuna mlima: gia inashuka yenyewe mara moja, sindano ya joto haitikisiki, aliyekaa nyuma anaendelea na usingizi. 504 unaipandisha kwa akili. Unaingia na gia ya tatu mapema, unamwacha mwenye lori aende na mwendo wake mpaka upate nafasi ya kweli, na masikio yako yanakuwa kwenye feni.

Hapo kwenye feni naomba nikae kidogo.

Feni ya 504 haizunguki muda wote. Inakaa mbele ya pampu ya maji na ina sumaku ya umeme. Injini ikiwa ya baridi, feni imelegea tu. Maji yakipata moto, swichi iliyoko kwenye mzunguko wa maji inapeleka umeme, sumaku inashika, feni inaanza kuvuta. Peugeot walikuwa na mfumo huo tangu 404. Mzee alikuwa akifika chini ya Kitonga anazima redio na kushusha kioo. Hakutazama geji, alisikiliza. Feni ikishika, injini inabadilika sauti, unasikia mvumo mzito unaingia chini ya ule wa kawaida. Akiusikia alikuwa anasema "imeshika", anapandisha kioo.

Siku moja, mimi nikiwa darasa la tano, haikushika. Tukasimama kabla mlima haujaanza. Akafungua boneti, akasubiri ipoe, akanipa tochi ingawa ilikuwa saa tisa mchana, kwa sababu kule ndani kuna kivuli. Akanionyesha kaboni ndogo, haizidi ukucha wa kidole cha mwisho, ndiyo inayopeleka umeme kwenye sumaku. Ilikuwa imeisha. Kwenye feni kuna skurubu tatu za vichwa vya mraba zenye nati za kufungia, kazi yake ni kurekebisha nafasi kati ya feni na sumaku. Akazikaza zote tatu mpaka feni ikabana moja kwa moja na puli. Kuanzia hapo feni ikawa inazunguka muda wote, kelele zikaongezeka, wese likaongezeka, lakini tulifika Iringa. Alitumia spana moja na dakika kama ishirini. Kaboni alinunua wiki iliyofuata.

Hiyo ndiyo 504, wakuu. Waliochora ile gari walifikiria kwamba itaharibika mbali na gereji na kwamba atakayekuwepo ni dereva tu. Bampa ya mbele ina tundu la kupitishia hendeli, betri ikifa unawasha kwa mkono. Taimingi, ile inayoendesha valvu, ni mnyororo, hakuna mkanda wa kukatika. Silinda ni vikombe vinavyochomoka, ndivyo tunaviita laina; laina ikichoka unabadilisha laina na pistoni, bloku unabaki nayo ileile.

Na barabarani! Kuna barabara ya vumbi ya kwenda Matombo, mvua za masika zikiisha inabaki mawe na mifereji. GX100 naipeleka kule kwa kilomita 20 kwa saa huku nimeshika roho, na bado silensa inagonga. 504 inapita kwa 50, chai kwenye chupa haimwagiki. Springi zina safari ndefu, viti vimejazwa laini, na tairi linaingia shimoni na kutoka bila bodi kupata habari. Sijawahi kukaa kwenye gari nyingine ndogo inayofanya vile. Wazee wetu hawakuipenda kwa ushamba. Mashindano ya Safari Rally ya 1975 alishinda Ove Andersson na 504, na 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda na 504 ya milango miwili yenye V6. Kabla yao 404 ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Ile ya 1966 na 1967 dereva alikuwa Bert Shankland, mtu aliyekuwa anaishi hapahapa Dar es Salaam. Mwaka 1968 zilianza gari 93, zikamaliza 7.

Na huyo Ove Andersson ndiye aliyeanzisha timu ya Toyota ya mbio za magari Ulaya. Mtu yuleyule. Kwa hiyo wanaozigombanisha hizi kampuni mbili kama Simba na Yanga, wajue kuna aliyezipenda zote na hakupungukiwa.

Nije kwa Mark II.

GX100 ni gari ya mtu anayetaka kufika akiwa hajachoka. Silinda sita kwenye mstari mmoja, huo mpangilio kwa asili hauna mtikisiko. Asubuhi ya kwanza niliyoiwasha nilipiga stata mara ya pili nikidhani imezima. Kiyoyozi kinafanya kazi mpaka leo. Miaka yote niliyokaa nayo haijawahi kuniacha njiani hata mara moja, na 504 siwezi kuisemea hivyo, hata kwa upendo nilionao.

Lakini Mark II ina ugonjwa mmoja mkubwa, na hautoki kiwandani. Ugonjwa wake ni mafundi wanaobahatisha.

Mwaka 2015 yangu ilianza kusumbua kuwaka asubuhi. Moshi mweusi, harufu ya petroli, na wese likawa kilomita 6 kwa lita. Fundi wa kwanza akabadilisha plagi. Wa pili akabadilisha pampu ya mafuta. Wa tatu akaisikiliza dakika mbili, akanifungia boneti na kusema injini imechoka, nitafute nyingine, yeye ana mtu anayeuza. Nilishaanza kutafuta hela.

Usiku nikakumbuka mzee na tochi yake. Nikasema kabla sijatoa milioni zangu ngoja niulize gari yenyewe. Nikafungua swichi bila kuwasha na kutazama dashibodi. Taa zote zinawaka, ya oili, ya betri, ya breki. Taa ya injini haiwaki. Ukifungua swichi ile taa lazima iwake kwanza halafu izime injini ikiwaka. Nikafungua dashibodi: balbu haipo! Mtu aliichomoa, labda kabla hata sijanunua, ili mnunuzi asione. Nikaweka balbu ya shilingi 500 na taa ikakaa inawaka.

Chini ya boneti kuna kiboksi cheusi chenye kifuniko. Ukikifungua, nyuma ya kifuniko kumeandikwa majina ya matundu. Unachukua kipande cha waya, unaunganisha TE1 na E1, unafungua swichi. Taa ya injini inaanza kukonyeza na unahesabu. Yangu ilikonyeza mara mbili, ikanyamaza, ikakonyeza mara mbili. 22. Kwa Toyota za mfumo ule, 22 ni sensa ya joto la maji. Kompyuta ilikuwa inadhani injini ni ya baridi muda wote, kwa hiyo inamwaga petroli kama ya kuwashia alfajiri. Sensa nilinunua elfu 35. Nilipofungua kuiweka nikakuta na thermostati imetolewa, maana kuna imani kwamba kwetu ni joto hivyo haihitajiki. Inahitajika! Bila hiyo injini haifiki joto lake, inakula mafuta na inalika upesi. Nikarudisha. Wiki hiyohiyo nikapata kilomita 10 kwa lita barabara ya Dodoma.

Ile injini niliyoambiwa imechoka ndiyo hiyo naendesha leo. Naumia nikifikiria Mark II ngapi nzuri zimetolewa injini kwa sababu ya sensa ya elfu 35.

Kwa hiyo msimamo wangu, na nausema wazi. Kwa mtu mwenye gari moja, anayekwenda kazini kila siku na safari za mkoani mara kwa mara, GX100 inashinda, na wala si kwa kukaribiana. Lakini kama kazi iliyochorwa vizuri zaidi kwa ajili ya barabara zetu, 504 bado haijapata mrithi kwenye gari ndogo, na Mark II yenyewe ni gari ya lami ya Japani iliyokuja kwetu kwa mtumba. Haikuahidi Matombo.

Naomba michango, hasa wenye 504 ambazo bado zinatembea.

---

JIBU, mdau wa Mombasa:

Shukran kwa uzi huu ndugu. Huku kwetu Peugeot ziliunganishwa hapahapa Mombasa, na pikapu za 504 bado utaziona zikibeba mizigo. Umesahau kuwaonya watu juu ya klachi. Babangu mdogo alikuwa fundi wa Peugeot, na alikuwa akisema klachi ya 504 ni kazi ya siku nzima.

JIBU, mdau wa Arusha:

Mkuu naomba kuuliza mawili. Kwanza 504 yako inakula vipi mafuta? Pili kuna moja inauzwa huku, bodi inang'aa, jamaa anasema hedi ilifunguliwa mwaka jana ikafungwa vizuri. Ninunue?

JIBU, mleta uzi:

Wa Mombasa, umenena. Kwa wasiojua: propela ya 504 (shafti inayopeleka nguvu nyuma) iko ndani ya bomba zito lililofungwa kutoka giaboksi mpaka difu, yaani gia za eksi ya nyuma. Mpangilio huo ni imara sana, ila huwezi kushusha giaboksi peke yake kama Toyota. Ama unatoa injini, ama unarudisha difu nyuma. Kwa hiyo ukishafungua klachi, badilisha na beringi yake na sili ya nyuma ya injini, hata kama zinaonekana nzima. Mimi nilibania sili, nikarudia kazi yote baada ya miezi minne.

Wa Arusha, mafuta yangu ni kilomita 8 mjini, 10 safari, kabureta ikiwa imesetiwa na tapeti zimepimwa. Zikipita kilomita elfu kumi bila kugusa platini (swichi ndogo inayokata umeme wa plagi) inashuka mpaka 7.

Hilo la hedi, yaani kifuniko cha juu ya silinda, ndilo la kukufanya upunguze mwendo. Nilisema silinda za 504 ni vikombe vinavyochomoka. Chini ya kila kikombe kuna sili inayozuia maji yasiingie kwenye oili. Fundi akitoa hedi, vikombe vinabaki havina kitu cha kuvikandamiza. Anayejua anaweka vibano kabla ya kugusa kitu kingine. Asiyejua anazungusha injini kidogo tu ili apate kusafisha pistoni, vikombe vinapanda hata kwa unywele, na sili imekwisha. Anafunga hedi, gari inawaka vizuri, unafurahi. Baada ya miezi maji yanaanza kuingia kwenye sampu, kile chombo cha oili chini ya injini.

Kwa hiyo nenda asubuhi kabla muuzaji hajaiwasha, mwambie usiku uliopita asiiguse. Chomoa dipstiki ya oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, ondoka. Hata ikiwa safi, legeza nati ya sampu kidogo sana, uache tone la kwanza litoke kwenye kopo. Maji ni mazito kuliko oili, yakilala usiku kucha yanakaa chini kabisa, yatatoka yenyewe kwanza.

Halafu sahau bodi inayong'aa. Rangi ni ya wiki mbili. Lala chini upapase kwa vidole ndani ya kingo za chini za milango na juu ya matairi ya mbele, ndiko kutu inakoanzia. Chukua sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa usikwaruze, ipitishe pale. Isiposhika, umekutana na puti, ile plasta ya kuficha kutu.

JIBU, mdau wa Dar:

Mimi nina GX100 ya 1999, VVT-i. Fundi kaniambia mkanda wa taimingi haujafika muda kwa sababu hausikiki kelele. Gari ina kilomita 140,000 na sijui kama uliwahi kubadilishwa. Kuna pia oili inavuja juu ya injini.

JIBU, mleta uzi:

Mkuu, mkanda haupigi kelele. Unanyamaza mpaka siku unapokatika. Muda wake ni kilomita 100,000, na kama huna uhakika hesabu kwamba haujabadilishwa. Yako ni VVT-i, mkanda ukikatika valvu zinakutana na pistoni, na hapo ndipo maneno ya kutafuta injini yanakuwa ya kweli. Badilisha pamoja na tenshena (kikaza mkanda) na pampu ya maji, kwa sababu ukishafika pale mbele umeshalipia ufundi.

Hiyo oili ya juu karibu kila mara ni gasketi ya kifuniko cha valvu. Chomoa koili moja na utazame kwenye shimo la plagi. Ukikuta oili imesimama mle ndani, ndiyo hiyo. Ikiachwa inaozesha mipira ya koili na gari inaanza kukosa silinda moja moja, halafu fundi atakuuzia koili sita.

Ukiwa hapo, mwambie fundi alishike tairi la mbele juu na chini alitikise. Bolijointi za chini (viungio vinavyoshika gurudumu la mbele) za GX100 zinachoka na haziagi. Na oili ya giaboksi usimwachie fundi achague, soma maandishi kwenye dipstiki ya giaboksi yenyewe, ndiyo unayotakiwa kuweka.

JIBU, mdau wa Arusha:

Nimetoka kuiona. Nililegeza nati ya sampu kama ulivyosema. Yalitoka maji, karibu nusu kikombe cha kahawa, ndipo oili ikafuata. Muuzaji naye alishtuka, nadhani hakujua. Sijanunua. Ila bodi chini ni nzima kabisa, sumaku imeshika kila mahali. Akishusha bei, kuna fundi unayemwamini wa laina?

JIBU, mleta uzi:

Bodi nzima ya 504 siku hizi ni adimu kuliko injini nzima. Kama ni kweli sumaku imeshika kila mahali, usimwache. Mweleze ulichokiona, toa bei ya gari isiyo na injini, na akikubali ivute kwa kamba, usiiwashe hata mara moja. Fundi yupo, ni mzee wa Msamvu hapa Morogoro, bado ana vibano vyake vya chuma alivyochonga mwenyewe. Nitakutumia namba yake faragha.